Maneno Ambayo Fundi Hakuyasema

Kama unatafuta sifa za baba yangu Nehemiya, usianzie kwangu, nitakuharibia. Anzia Base Camp, katikati ya kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, pale penye mashine ya kusaga mahindi, utaje jina lake. Watu watakushika mkono. Watakuambia ni mzee wa kanisa, mtu wa maombi, mgane aliyekataa kuoa tena ili amlee binti yake mmoja, na juu ya hayo yote ni mtafsiri wa filamu asiye na mpinzani. Ukishashiba, njoo kwangu. Huyo binti mmoja ni mimi, Kanyange, ninayenunua maharage Rugaaga na kuyauza hapa sokoni, na chakula chake nampikia mimi mpaka leo.

Labda kwenu hakuna kazi ya kutafsiri filamu, kwa hiyo nikueleze. Appolinaire ana kibanda cha video: mabati juu, plastiki nyeusi pembeni ili mwanga usiingie, mabenchi ya mbao, televisheni moja, na jenereta inayokohoa nje. Filamu zinakuja kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kichina. Watu wetu wengi, hasa akina mama, wanajua Kiswahili na lugha ya nyumbani, basi. Ndiyo maana pembeni ya televisheni anakaa mtafsiri na kipaza sauti, na kila anayefungua kinywa ndani ya filamu, mtafsiri anamsemea. Baba alikuwa anakwenda pale na koti lake la kanisani, anajifuta jasho kwa kitambaa cheupe, anaanza. Kifaransa anakijua kweli, alisoma miaka minne ya sekondari kabla ng'ombe wa babu hawajamrudisha nyumbani. Kiingereza anakibahatisha. Kichina hajui hata salamu, na siku za filamu za Kichina ndizo watu walizokuwa wanajaa mpaka mlangoni. Mchina akipigwa teke la tumbo, baba anamsemea: "Mama yangu wee! Bugali ya asubui inatoka!" Watu wanashikana mbavu. Hakuna aliyemlaumu hata siku moja. Mtafsiri anayesema kinachosemwa tu, mabenchi yake hubaki matupu, kila mtu hapa anajua hivyo.

Hata mimi nilikuwa nacheka, sikatai. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikakumbuka anayenichekesha ni nani, kicheko kikaniishia.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tunakaa kule chini, Kivu Kusini, Kongo, si mbali na ziwa, vita vilipofika. Mama yangu, Nyirabizimana, alikuwa amejifungua siku nne kabla, mtoto wa kiume. Kwetu mtoto anapewa jina siku ya nane, kwa hiyo yule alikuwa bado hana jina. Tulitoka alfajiri kupanda milimani: baba, mama, mimi, mtoto mgongoni mwa mama, na ng'ombe kumi na mmoja. Mama alikuwa anatoka damu. Nilikuwa natembea nyuma yake, niliiona kwenye majani. Siku ya pili akakaa chini, akashindwa kuinuka. Palikuwa na nyumba ya udongo, imeungua upande mmoja, wenyewe wamekimbia. Baba akamwingiza humo, akamwachia kibuyu cha maziwa, akasema, "Ninavusha ng'ombe kwanza, halafu ninarudi." Mimi akanishika mkono. Tukavuka mto, tukapanda kilima. Nikamwambia, "Papa, na mama?" Akasema, "Kesho." Kesho ikaja, tukaendelea kupanda.

Mama alikuwa hai. Lisikie hilo vizuri, maana ndilo jambo lenyewe. Tulimwacha hai, ameegemea ukuta, ananiangalia mimi.

Tukahangaika huku na kule miaka sita, ndipo tukafika Nakivale, mwaka 2002. Mwandikishaji akamuuliza baba, "Mke?" Akajibu, "Marehemu." Nilikuwa nimesimama pale pale, nina miaka kumi na minne. Mtoto hakutajwa kabisa. Utaandika nini, hana jina. Jumapili ya kwanza kanisani baba akatoa ushuhuda: mke wake aliugua njiani, Bwana akamtwaa, naye akamzika kwa mikono yake miwili. Akina mama wakalia. Haukupita mwaka, wakamchagua mzee wa kanisa.

Nyumbani nilipomuuliza, alinijibu pole pole, kama anayemtuliza mgonjwa: "Ulikuwa mutoto mudogo, Kanyange. Mutoto anachanganya mambo."

Sasa kanisani kwetu kuna desturi moja. Mtu akikosa, anawekwa nje ya meza. Hali mkate wa Bwana, haimbi kwaya, anakaa benchi la nyuma mpaka siku atakaposimama mbele ya wote na kulitaja kosa lake kwa kinywa chake, bila kuzungusha. Mchungaji anauliza, "Mwenye kumusamehe huyu ndugu anyanyue mukono." Mikono inapanda, watu wanasema, "Asamehewe!", na mtu anarudi mezani, kimekwisha. Jirani yetu Gasore alikunywa waragi akampiga mkewe. Miezi mitatu alikaa nyuma. Siku alipotaka kurudi, akaanza kuzunguka zunguka, mara shetani, mara marafiki wabaya. Baba ndiye aliyesimama akamkata. "Sema kwa kinywa chako, ndugu," alimwambia. "Mungu hahitaji mutafsiri."

Watu walilipenda neno hilo. Mimi nililiweka moyoni.

Katikati ya mwaka 2013 nikasikia kwamba mjini Mbarara, upande wa Ruti, kuna ofisi inayotafuta jamaa waliopotezana vitani. Mwanamke mmoja wa Juru, humu humu kambini, alikuwa amempata kaka yake, mzima, baada ya miaka kumi na tano. Sikulala. Asubuhi nikamwachia jirani maharage yangu, nikapanda gari mpaka Kabingo, nikabadilisha, nikafika. Aliyenipokea anaitwa Yudita, mama Mnyankole, mtaratibu, anaandika huku anakuangalia usoni.

"Huyu mama aliachwa pahali gani?" akauliza.

"Sijui jina la pale. Nilikuwa mtoto."

"Nani alikuwa na nyinyi?"

"Baba."

"Sasa kwa nini mzee hakuji?" Akatazama kompyuta, akatazama tena. "Lakini hapa mzee alisema huyu mama alikufa. Sisi hatutafuti mtu ya kufa, mama. Sikia. Leta jina ya pahali. Na mzee akuje mwenyewe, aseme alimuacha mzima, aweke sahihi. Hapo tunaanza."

Vitu viwili, basi: jina la mahali na sahihi. Na vyote viwili vilikuwa ndani ya mtu ninayempikia.

Nilirudi na karatasi ya Yudita, ile ya kutia sahihi, nikamwekea baba mezani, nikamwambia. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja mara mbili, akanirudishia. "Mama yako alikufa. Nilimuzika. Nilisha sema." Akachukua Biblia yake akatoka. Nilimwangalia akipita kwenye mihogo ya watu, anasalimiwa huku na huku, "Muzee, muzee," na kwa mara ya kwanza maishani nikamwombea mtu mabaya.

Mwezi wa nane Appolinaire akaleta filamu ya Kifaransa kutoka Mbarara. Haikuwa na bunduki nyingi wala mateke, akaogopa watu hawatakuja. Akamwomba baba aiangalie kwanza. Appolinaire mwenyewe alinieleza baadaye: baba, ambaye hakuwahi kutazama filamu kabla ya kuitafsiri, aliitazama hiyo mara mbili nyumbani kwa Appolinaire, mlango umefungwa, na alipotoka akasema, "Tutaionyesha siku ya mungu, nyuma ya ibada. Uambie bamama bote bakuye."

Jumapili hiyo, ibada ilipokwisha, mimi nilikwenda kwa sababu kanisa zima lilikwenda.

Na nikuambie ukweli, filamu ile ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ni habari ya fundi cherehani wa nchi za baridi, theluji mpaka magotini. Vita vinakuja. Fundi ana mkokoteni, ana binti mdogo, ana mke anayekohoa damu, ana cherehani yake. Mkokoteni unabeba mzigo mmoja zaidi, haubebi miwili. Fundi anasimama pale mlangoni, anaangalia cherehani, anaangalia mke. Hakuna muziki. Hakuna anayesema kitu. Halafu anaibeba cherehani, anaipakia, na ili isilowe anaifunika kwa blanketi, na blanketi lenyewe analitoa mabegani mwa mke wake. Yule mke anamsaidia kuliondoa. Ananyanyua mkono mmoja, halafu mwingine, kama mtoto anayevuliwa shati.

Kibandani watu walisogea mbele kwenye mabenchi. Mama mmoja akasema, "Shetani huyu!" Mwingine akasema, "Afe!"

Lakini hafi. Hapo ndipo ufundi wa waliotengeneza ile filamu. Fundi anaishi. Anashona, anamlisha binti yake, anamsuka nywele yeye mwenyewe, vibaya, mpaka unacheka. Anampa mbwa wa jirani sukari. Filamu haikuambii umchukie, wala haikuambii umpende. Inamweka tu mbele yako, ukae naye. Nilijikuta nikimwonea huruma pale alipojichoma sindano, na nikajichukia. Nikamtazama baba. Siku hiyo hakuchekesha hata mara moja. Alitafsiri neno kwa neno, sauti chini, kama anasoma barua ya mtu.

Mwishoni fundi ni mzee. Binti amekuwa mwanamke, amepika, wamekaa mezani, na binti anamuuliza: kwa nini ulimwacha mama?

Kifaransa najua. Baba mwenyewe alinifundisha, jioni baada ya jioni, kwa Biblia yake ya Kifaransa, hapa hapa kambini. Kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu fundi alichojibu. Alisema maneno mawili matatu tu: mashine ndiyo iliyotulisha. Akasema: leta chumvi. Basi. Halafu anakula. Anatafuna muda mrefu, uso mzima umejaa kwenye televisheni, mpaka filamu inaisha.

Na juu ya kule kutafuna, baba akaanza kusema.

"Binti yangu," akasema kwenye kipaza sauti, "nilimuacha. Hakufia mu mikono yangu. Sikumuzika. Nilimuacha Rwimpunu, ng'ambo ya muto, mu nyumba yenye kuungua upande moja. Alikuwa muzima. Nilisema nitarudi, na pale pale nikisema nilijua kwamba sitarudi. Mutoto alikuwa analia. Toka ile siku sijakula chakula ikanipita vizuri. Nisamehe, binti yangu. Munisamehe bote."

Rwimpunu! Kwenye theluji ya Wazungu, Rwimpunu! Na mtoto anayelia, wakati fundi hakuwa na mtoto mchanga! Nikageuka huku na huku, nikisema moyoni sasa watashtuka. Nani ashtuke? Walikuwa wanalia. Dada aliyekaa pembeni yangu alikuwa amejifunika kitenge usoni. Mbele kabisa mtu akanyanyua mkono, vile tunavyofanya kanisani. Wa pili akanyanyua. "Asamehewe!" Kibanda kizima kikajaa mikono. "Asamehewe! Asamehewe!" Hata yule mama aliyesema afe.

Baba aliweka kipaza sauti chini, akaiangalia ile mikono benchi kwa benchi, mpaka akafika kwangu. Wangu ulikuwa chini. Akajifuta uso kwa kitambaa chake cheupe.

Nilimtangulia nyumbani, nikamngoja mlangoni.

"Papa, Rwimpunu iko fasi gani?"

"Rwimpunu gani?"

"Uliyoitaja sasa hivi mbele ya watu wote."

"Ile ni filme, Kanyange. Mutafsiri anaongeza. Si unajua?"

"Fundi hakusema hivyo. Alisema mashine, akaomba chumvi. Kifaransa ulinifundisha mwenyewe, papa, usinifanye mjinga!"

Akakaa kwenye kigoda. Halafu akasema, bila kunitazama, "Niko na miaka makumi sita na tatu. Unataka banikalishe ku benchi ya nyuma, kama Gasore?"

"Gasore alikaa miezi mitatu tu. Alisamehewa."

"Gasore alipiga muke."

Ndivyo alivyojibu. Nikatoa karatasi ya Yudita kifuani, nikamwambia twende kesho Mbarara, tutakwenda wawili, utasema mle ofisini, mbele ya mama mmoja asiyekujua, kanisa halitasikia. Akatikisa kichwa. Alisema kambi haina siri, mtu atasikia, na karatasi haifi. Na mwisho akaniletea methali, akaniletea methali mimi! "Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Tugange yajayo."

"Ni ndwele!" nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Ni ndwele, papa, inatoka damu mpaka leo!"

Nikaenda Mbarara peke yangu. Yudita aliandika Rwimpunu, herufi moja moja, akaniuliza kama ndivyo, nikasema ndivyo. "Nani amekuambia hii jina?"

Nikamwambia, "Nimelisikia kwenye filamu."

Kalamu yake ikasimama. Hakunicheka, Mungu ambariki. Akasema tu, "Mama, mimi nitaweka hii. Lakini mzee lazima akuje. Bila sahihi yake, hapa ndani huyu mama alikufa."

Sasa sikiliza kosa langu, maana nalo ni langu, simsingizii mtu.

Watu waliidai ile filamu. Walisema wanataka tena ile ya kulia. Appolinaire akaipanga tena baada ya wiki mbili, saa nane mchana. Mimi nikafanya hesabu zangu: akisema tena Rwimpunu, nitasimama, nitawaambia, ndugu, fundi hakusema hayo, muulizeni mtafsiri ni nani aliyesema. Mbele ya kanisa zima hatakuwa na pa kukimbilia. Atasema kweli, na aliyesema kweli mara moja ataweka sahihi. Nilijiona mwerevu sana. Nilikaa benchi la mbele.

Aliniona toka mwanzo. Alitafsiri mkokoteni, akatafsiri blanketi, akatafsiri mbwa na sukari. Mwisho ukafika, binti akauliza, fundi akajibu, akaanza kutafuna. Baba akavuta pumzi. "Binti yangu, nilimu..."

Sikungoja. Laiti ningengoja! Lakini hasira yangu mimi haina breki. Nilisimama hapo hapo.

"Mutafsiri!" nikasema. "Musemee fundi maneno yake mwenyewe. Anasema nini?"

"Kaa chini, wewe!" watu wakaanza. Mtu akanivuta kitenge. Appolinaire akapiga kelele kutoka mlangoni, "Kanyange, usiharibu kazi ya muzee!"

"Anasema nini, papa? Mungu hahitaji mutafsiri, si ulisema?"

Baba alinitazama. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo wake. Kwa dakika nzima, au mimi niliona ni dakika nzima, niliamini kwamba atasema. Kisha akarudisha kipaza sauti kinywani, akatafsiri sawasawa kabisa, bila kupunguza wala kuongeza.

"Mashine ndiyo ilitulisha," akasema. "Leta chumvi."

Akazima kipaza sauti. Fundi akaendelea kutafuna peke yake mpaka filamu ikaisha.

Mikono waliyokuja nayo ikabaki mapajani. Kisha hasira ikaja, na haikumwendea fundi wala baba. Ilinijia mimi. "Umetuharibia." "Mutoto gani huyu hana huruma?" "Anaonea babake wivu." Yule mama aliyesema afe, akasema asamehewe, sasa alitema mate chini karibu na miguu yangu. Na mimi nilikuwa nimesimama pale katikati ya mabenchi, nimeelewa kwa kuchelewa nilichokifanya. Baba alikuwa na kinywa kimoja tu cha kusemea kweli, nacho kilikuwa cha mtu mwingine. Mimi nikakifunga. Kuanzia siku hiyo hakutafsiri tena filamu ile, na Appolinaire akairudisha Mbarara.

Nyumbani nilimpakulia ugali na maharage kama kawaida. Angalau fundi, nilimwambia, angalau fundi cherehani ilimlisha. "Ng'ombe wako hata mmoja hakutulisha. Walikufa wote kabla ya Pasaka."

Alikula matonge mawili. Kisha akasema, na haikuwa sauti ya kibandani wala ya kanisani, sijaisikia tena:

"Tukiwa juu ya kilima, aliita. Wewe ulikuwa unalia, haukusikia. Aliita jina yangu mara tatu. Mimi nilisikia."

Sijui nilikaa vipi. Najua tu kwamba niliinuka, nikatoa karatasi, nikaiweka kando ya sahani yake, nikaweka na kalamu. "Tia sahihi, papa. Nakuomba. Mimi ndiye niliyebaki nawe, nakusamehe mimi, tia sahihi."

Aliitazama kalamu. Akanawa mikono, akavaa koti lake. "Filme imeisha, Kanyange," akasema. Alikuwa na mkutano wa wazee.

Katika mkutano huo ndipo walipoamua kuniita, Jumamosi iliyofuata. Kosa: kumwaibisha mzazi mbele ya watu. Kanisa lilikuwa tupu, wazee watano kwenye benchi la mbele, baba akiwa mwishoni mwa benchi, na Modeste, mkubwa wao, mtu mwema, sina neno naye, ndiye aliyeniuliza. Aliniambia niseme kwa kinywa changu, bila kuzungusha.

Nikasema, haya, mmetaka wenyewe. Nikasema yote. Siku nne baada ya kujifungua. Damu kwenye majani. Nyumba iliyoungua upande mmoja, Rwimpunu, ng'ambo ya mto. Kwamba hakumzika. Kwamba alimwacha hai, akasema atarudi, akijua hatarudi. Kwamba mtoto alikuwa analia. Nililia pia, na sikuona haya.

Nilipomaliza, Modeste alikuwa ananitazama kwa huruma. Akageuka akamtazama baba, baba akainamia kitambaa chake. Wazee wengine wakatikisa vichwa pole pole. Modeste akaja akanishika bega.

"Kanyange, dada yetu," akasema, "hiyo ni ile filme. Sisi bote tuliiona."

Waliniweka nje ya meza siku hiyo hiyo. Huu ni mwaka 2015, bado nakaa benchi la nyuma, maana kurudi mezani ni kusema kwamba nilimsingizia.